Modeli Ipi ya Uga wa Sumaku wa Korona ya Jua? Ulinganisho kwa Mtafiti Aliye Nairobi

Kila mwaka wapo wanafunzi wa fizikia jijini Nairobi wanaolichagua Jua kuwa mada ya tasnifu, na wale wanaoelekea kwenye korona, yaani tabaka la nje la angahewa yake, hukutana mapema na uamuzi mgumu: uga wa sumaku wa korona utakokotolewa kwa modeli gani? Wengi huuliza ni modeli ipi iliyo bora kuliko nyingine. Naona swali hilo huwapoteza, kwa sababu modeli hizi hazikuundwa kujibu jambo moja. Kila moja huacha sehemu fulani ya fizikia ili iweze kuimudu sehemu iliyobaki, na kazi ya anayechagua ni kuhakikisha kwamba kilichoachwa si kile hasa anachokitafuta. Katika ulinganisho huu nazitazama modeli tatu kuu, pamoja na mbili zilizo katikati yake, nikimfikiria mtafiti mwenye kipakatalishi cha kawaida, bando la intaneti analolinunua mwenyewe, na miaka miwili ya uzamili.

Suala hili lina uzito hata kwa asiyejali darubini. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na ikweta ya sumaku ya Dunia inapita kaskazini yetu, juu ya Ethiopia. Katika ukanda huu tabaka la ayoni la angahewa huvurugika mara kwa mara baada ya machweo, na mawimbi ya GPS yakipita humo huyumba; anayepima ardhi na anayeongoza ndege wote huathirika. Dhoruba kubwa za sumaku huubadilisha mvurugiko huo kwa namna ambazo bado ni vigumu kuzitabiri. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, iliyotokana na eneo la madoa lililopewa namba 13664, ilifika daraja la tano, ambalo ni la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Ukali wa dhoruba ya namna hiyo hutegemea sana uelekeo wa sumaku iliyobebwa na wingu la plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, linalorushwa kutoka kwenye Jua, na uelekeo huo huanza kupangwa ndani ya korona.

Kwa nini uga wa korona hukokotolewa

Uga wa sumaku wa Jua hupimika vizuri kwenye fotosfia, uso unaoonekana, wenye joto la Kelvin 5,800 hivi. Mwaka 1896 Pieter Zeeman alionyesha katika maabara kwamba sumaku hupanua na kugawanya mistari ya spektra, na mwaka 1908 George Ellery Hale, akiwa Mount Wilson huko California, aliutumia ugunduzi huo kuthibitisha kwamba madoa ya Jua yana sumaku kali. Mbinu hiyohiyo haifui dafu kirahisi katika korona. Joto la huko hufika Kelvin milioni moja au mbili na kuifanya mistari ya spektra iwe minene. Plazma ni hafifu sana. Uga wenyewe umeshadhoofika. Na mwanga mkali wa fotosfia huumeza ule wa korona. Vipimo vya moja kwa moja vimeanza kupatikana. Mwaka 2020 ilichapishwa ramani ya uga wa korona iliyopimwa kutoka Mauna Loa, Hawaii, ikionyesha nguvu ya gauss 1 hadi 4 nje kidogo ya ukingo wa Jua, na darubini ya Daniel K. Inouye yenye kioo cha mita 4 kule Maui imeanza kutoa vipimo vyake. Hata hivyo vipimo hivyo huchukuliwa ukingoni, vikijumlisha kila kilichomo katika mstari wa kutazama, na havituonyeshi umbo kamili la uga juu ya doa lililo katikati ya Jua.

Kwa hiyo uga hupimwa chini, kwenye fotosfia, kisha hukokotolewa kwenda juu. Chanzo kikuu cha vipimo hivyo ni setilaiti ya SDO iliyorushwa Februari 2010. Kifaa chake cha HMI hupiga picha za Jua zima zenye pikseli 4,096 kwa 4,096. Kila baada ya sekunde 45 hutoa sehemu ya uga inayoelekea kwetu, na kila baada ya dakika 12 hutoa vekta kamili, yaani nguvu ya uga pamoja na uelekeo wake. Upo pia mtandao wa GONG wenye vituo sita duniani, ambao ramani zake ni ndogo na nyepesi kupakua. Data zote hizi ni za bure.

Dosari za vipimo hivi zinapaswa kujulikana kabla ya modeli yoyote kuguswa, maana hakuna modeli inayoziponya. Tunaona upande mmoja tu wa Jua, hivyo ramani ya Jua zima huunganishwa kwa siku 27 hivi wakati Jua likijizungusha, na sehemu moja ya ramani huwa imezeeka huku nyingine ikiwa mpya. Ncha za Jua huonekana kwa mshazari, kwa kuwa mhimili wake umeinama nyuzi 7.25 tu, na hata setilaiti ya Solar Orbiter, ambayo mwaka 2025 ilitupa picha za kwanza za ncha ya kusini kutoka nje ya bapa la sayari, ilikuwa imepanda nyuzi 17 pekee. Katika vekta, sehemu ya uga iliyolala sambamba na uso hupimwa bila kujulikana inaelekea upande upi kati ya pande mbili zinazopingana, na uamuzi wa upande hufanywa kwa kanuni ya kihesabu. Anayelinganisha modeli bila kulinganisha data zinazolishwa ndani yake anafanya nusu ya kazi.

Modeli ya potenshali

Modeli ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ambayo kila mtu anapaswa kuanza nayo, huchukulia kwamba katika korona hakuna mkondo wowote wa umeme. Dhana hiyo ikikubaliwa, uga huwa mteremko wa potenshali moja, milinganyo yote hurudi kuwa mlinganyo wa Laplace, na jibu lake ni moja tu kwa kila ramani ya fotosfia. Kwa Jua zima huongezwa sharti la pili: kwenye tufe la kubuni lililo juu ya uso, mistari yote ya uga hulazimishwa kusimama wima kana kwamba upepo wa Jua umeinyoosha. Schatten, Wilcox na Ness waliileta mbinu hii mwaka 1969, na Altschuler na Newkirk wakaichapisha mwaka huohuo. Tufe hilo kwa desturi huwekwa kwenye umbali wa nusu kipenyo 2.5 kutoka kitovu cha Jua. Kwenye programu modeli hii hujulikana kwa herufi PFSS.

Nguvu yake ni wepesi. Ramani ya GONG yenye nukta 360 kwa 180 hukokotolewa kwenye kipakatalishi kwa muda mfupi sana, kwa programu za Python zilizo wazi kwa kila mtu. Nguvu yake ya pili ni kwamba hueleza vizuri mambo makubwa: mistari ipi imefungwa na kurudi kwenye Jua, na ipi iko wazi na kuruhusu upepo wa Jua utoke. Mwaka 1990 Wang na Sheeley walionyesha kwamba upepo hutoka kwa kasi zaidi pale ambapo uga ulio wazi hautanuki sana unapopanda, na uhusiano huo, ukiwa umejengwa juu ya modeli ya potenshali, ndio ulioingia katika utabiri wa kila siku wa kituo cha hali ya anga za juu cha Marekani kilichoko Boulder tangu mwaka 2011. Kifaa kinachodharauliwa kwa urahisi wake ndicho kinachobeba utabiri unaotegemewa na mashirika ya ndege.

Ipo njia moja ya kuijua modeli hii kwa undani ambayo ningependa kila mwanafunzi aipitie. Chukua ramani ya mzunguko mmoja wa Jua, kokotoa uga ukiwa umeweka tufe kwenye 2.5, kisha weka alama kwenye uso mahali pote ambapo mstari wa uga uko wazi. Karibu nayo weka picha ya SDO ya mwanga wenye urefu wa wimbi wa ångström 193, ambamo matundu ya korona, yaani sehemu ambako uga uko wazi na plazma hutoroka, huonekana kama mabaka meusi. Sasa lishushe tufe hadi 2.0, kisha 1.5. Utaona mabaka ya modeli yakitanuka, kwa sababu mistari iliyokuwa ikijikunja chini ya tufe la juu sasa hukatwa na kufunguliwa. Kwenye ncha mipaka hubadilika polepole, lakini karibu na ikweta matundu madogo ambayo hayakuwapo kabisa huchomoza. Hili lina ushahidi wa kweli: chombo cha Parker Solar Probe kilipolikaribia Jua kwa mara ya kwanza Novemba 2018, watafiti walipata kwamba tufe lililoshushwa chini ya 2.5, mara nyingine hadi karibu 1.3, ndilo lililoweza kueleza uga ambao chombo hicho kilikuwa kikiupima, na kwamba upepo wake ulitoka katika tundu dogo la ikweta. Namba 2.5 ni desturi tu, na tasnifu inayoitumia bila kuijaribu ina pengo ambalo mtahini mwangalifu ataliona.

Udhaifu wa modeli hii hauna tiba ndani yake. Kwa ramani fulani ya fotosfia, uga wa potenshali ndio wenye nishati ndogo kuliko uga mwingine wowote unaoweza kusimama juu yake. Mlipuko wa Jua huchota nishati iliyozidi hapo, ambayo huitwa nishati huru, na katika modeli ya potenshali nishati huru ni sifuri kwa ufafanuzi wake. Anayetaka kusoma milipuko kwa modeli hii ameshajifungia mlango kabla ya kuanza.

Modeli za uga usiosukuma plazma

Uga wa korona huhifadhi nishati kwa namna ambayo kamba ya katani huihifadhi inaposokotwa: umbo hubaki lilelile kwa mbali, lakini ndani mna msokoto unaosubiri kuachiwa. Msokoto huo ni mikondo ya umeme. Katika korona ya chini juu ya madoa, kani ya sumaku huzidi sana kani ya gesi, hivyo uga hauwezi kukaa kwa utulivu isipokuwa mikondo inapita sambamba na mistari ya uga yenyewe, na hapo nguvu ya Lorentz, ambayo uga huisukuma plazma kwayo, hutoweka. Uwiano kati ya mkondo na uga huandikwa kwa herufi alfa, nayo haibadiliki kando ya mstari mmoja wa uga.

Alfa ikichukuliwa kuwa sawa katika eneo zima, hesabu hubaki nyepesi na data ya sehemu moja ya uga hutosha. Sioni sababu ya mtu kuichagua njia hii leo isipokuwa anasoma madoa ya miaka ambayo vekta hazikupimwa. Eneo moja la madoa mara nyingi huwa na sehemu zilizosokotwa kwa pande tofauti, na kulipa alfa moja ni kulifuta hilo.

Alfa ikiruhusiwa kutofautiana kutoka mstari mmoja hadi mwingine, tunafika kwenye modeli ambayo wengi wa wanafunzi wetu huitamani, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo yenye ahadi kubwa na mitego mingi. Inahitaji vekta kamili kwenye mpaka wa chini. Njia za kuitatua ni kadhaa: ya Grad na Rubin iliyotoka mwaka 1958, ambayo husambaza mikondo hatua kwa hatua kando ya mistari, na ya kupunguza makosa, iliyopendekezwa na Wheatland, Sturrock na Roumeliotis mwaka 2000 na kuendelezwa na Thomas Wiegelmann, ambayo huanza na uga wa potenshali kisha huusogeza taratibu hadi nguvu ya Lorentz na makosa mengine yapungue.

Tazama kile inachoweza kufanya. Tarehe 15 Februari 2011, saa kumi na moja kasorobo hivi alfajiri kwa saa za Nairobi, eneo namba 11158 lilianza kutoa mlipuko wa daraja X2.2, wa kwanza wa daraja X, lile la milipuko mikali zaidi, katika mzunguko wa 24 wa madoa ya Jua, ambao kila mmoja huchukua miaka 11 hivi. Xudong Sun na wenzake walilifuatilia eneo hilo kwa vekta za HMI na wakachapisha mwaka 2012 kwamba nishati huru ilipanda hadi 2.6 × 10³² ergi, karibu nusu yake ikiwa chini ya urefu wa kilomita 6,000, na kwamba iliporomoka kwa takriban 0.3 × 10³² ergi ndani ya saa moja ya mlipuko. Modeli ya potenshali isingeweza kusema lolote kati ya hayo. Kujua kwamba nishati imelala chini kiasi hicho ni kujua pia mahali pa kuelekeza macho kabla ya mlipuko.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2009 Marc DeRosa na wenzake walichapisha jaribio ambalo timu kadhaa, kila moja na mbinu yake, zilipewa vekta zilezile za setilaiti ya Hinode za eneo namba 10953 lililotazamwa mwishoni mwa Aprili 2007. Majibu yao hayakukubaliana, si katika umbo la mistari wala katika kiasi cha nishati huru, na yalipolinganishwa na matao yaliyoonekana na setilaiti pacha za STEREO, uelekeo ulitofautiana kwa wastani wa kati ya nyuzi 24 na 44. Moja ya sababu ni kwamba vekta za Hinode zilifunika eneo dogo, hivyo mikondo mingi iliingia na kutoka kando ambako hakukuwa na kipimo.

Sababu nyingine iko ndani ya fizikia yenyewe. Uga hupimwa kwenye fotosfia, ambako gesi ni nzito na huusukuma uga huku na kule, ilhali modeli inadai uga usiosukuma wala kusukumwa. Thomas Metcalf na wenzake walikadiria mwaka 1995 kwamba uga huanza kutimiza sharti hilo kwenye kimo cha kilomita 400 hivi juu ya fotosfia. Tiba iliyozoeleka ni ile ya mwaka 2006 ya Wiegelmann, Inhester na Sakurai: vekta hurekebishwa kidogo, ndani ya mipaka ya makosa ya kipimo, hadi jumla ya nguvu za kusukuma na za kuzungusha kwenye mpaka ikaribie sifuri. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini mtumiaji akumbuke kwamba baada yake mpaka wa modeli si kipimo tena bali ni kipimo kilichorekebishwa, na aseme hivyo waziwazi.

Kuna jambo la tatu ambalo husahaulika. Kila mstari wa uga uingiao ndani ya kisanduku cha hesabu lazima utoke. Uga wa sumaku hauanzii popote wala hauishii popote. Mbinu za namba hulitimiza sharti hili kwa kukaribia tu, na Gherardo Valori na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kosa dogo la aina hiyo laweza kuharibu kabisa hesabu ya nishati huru. Anayeripoti nishati bila kuripoti kosa hilo hajaripoti kitu kinachoweza kuaminiwa.

Kuhusu kompyuta, hesabu ni hii. Kisanduku chenye nukta 300 kwa 300 kwa 200 kina nukta milioni 18. Kila nukta ina namba tatu za baiti nane, kwa hiyo uga peke yake huchukua megabaiti 432. Programu huweka nakala kadhaa za safu za ukubwa huo kwa wakati mmoja, hivyo gigabaiti kadhaa za kumbukumbu huhitajika, na kipakatalishi chenye gigabaiti 16 kinatosha. Lakini ukiongeza maradufu ukali wa picha katika pande zote tatu, nukta huzidishwa kwa nane, na uga huohuo sasa hudai karibu gigabaiti 3.5 kabla ya nakala yoyote. Hapo kipakatalishi husalimu amri. Kwa wengi ningeshauri kupunguza ukali wa ramani kwa makusudi, kukamilisha kazi yote, kisha kuomba nafasi kwenye seva ya chuo kwa ajili ya marudio machache yenye ukali kamili.

Kati ya modeli hii na ile inayofuata kuna njia ya msuguano wa kubuni, iliyoanzishwa na Yang, Sturrock na Antiochos mwaka 1986 na kupanuliwa kwa Jua zima na van Ballegooijen, Mackay na Yeates. Uga husukumwa kutoka chini na mwendo wa fotosfia, nao hutulia polepole huku ukikumbuka historia yake. Kumbukumbu hiyo ndiyo thamani yake: nyuzi za plazma baridi zinazoning'inia juu ya Jua kwa wiki nyingi haziwezi kuelezwa na picha ya siku moja. Kwa mada hiyo ni chaguo zuri, na gharama yake ni ya wastani.

Magnetohaidrodinamiki

Modeli ya tatu haichagui kati ya uga na plazma. Hutatua kwa pamoja milinganyo ya masi, mwendo, nishati na uga, na hivyo hutoa msongamano, joto na kasi ya upepo pamoja na mistari ya sumaku. Programu mbili zinazojulikana sana ni MAS ya kampuni ya Predictive Science iliyoko San Diego, na AWSoM ya Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa sababu hutoa msongamano na joto, jibu lake laweza kugeuzwa kuwa picha na kuwekwa kando ya picha halisi. Kabla ya kupatwa kwa Jua kwa tarehe 21 Agosti 2017, watu wa Predictive Science walitangaza wiki moja mapema sura ya korona waliyoitarajia, na miale mikubwa iliyoonekana siku yenyewe ilifanana kwa kiasi kikubwa na walichokuwa wamekichora. Kwa kupatwa kwa tarehe 8 Aprili 2024 waliliendesha Jua lao mfululizo, wakililisha vipimo vipya kadiri vilivyopatikana. Naiheshimu sana kazi hii, kwa kuwa mtu anayetangaza utabiri wake kabla ya tukio amejiweka mahali ambapo kila mtu anaweza kumsahihisha.

Gharama yake, hata hivyo, si ya kawaida. Juu ya madoa mawimbi ya sumaku husafiri kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Chukua kasi ya kilomita 2,000 kwa sekunde na seli yenye upana wa kilomita 1,000: programu ya kawaida hairuhusiwi kupiga hatua ndefu kuliko nusu sekunde, la sivyo hesabu hulipuka. Siku tatu za Jua zina sekunde 259,200, yaani zaidi ya hatua nusu milioni, na kila hatua hupitia mamilioni ya seli. Zipo mbinu za kurefusha hatua hizo, lakini hata pamoja nazo kazi hufanywa na maelfu ya prosesa. Zaidi ya hayo, hakuna anayejua kwa uhakika ni nini kinachoipasha korona joto, hivyo modeli hupewa kanuni ya upashaji joto yenye namba za kurekebishwa kwa mkono, na sehemu ya mfanano na picha hutoka kwenye marekebisho hayo.

Je, gharama hiyo hununua uga bora? Si mara zote. Mwaka 2006 Pete Riley na wenzake waliilinganisha modeli hii na ile ya potenshali kwa ramani zilezile, wakapata kwamba kwa nyakati ambazo korona haibadiliki haraka, matokeo ya modeli ya potenshali yalikaribia sana yale ya magnetohaidrodinamiki. Na kuna fumbo ambalo zote mbili hazijalitatua: mwaka 2017 Jon Linker na wenzake walionyesha kwamba uga ulio wazi unaokokotolewa kutoka kwenye ramani za fotosfia ni pungufu kwa takriban mara mbili, au zaidi, ukilinganishwa na ule unaopimwa na vyombo karibu na Dunia. Waliotumia modeli ghali hawakusalimika. Huenda ramani zina kosa, huenda ncha zimepimwa vibaya, huenda sehemu ya uga ulio wazi hutoka nje ya matundu tunayoyaona. Ningefurahi kuona mwanafunzi wa hapa akilichukua fumbo hili, kwa sababu linahitaji kipakatalishi na subira kuliko linavyohitaji kompyuta kuu.

Mtafiti wa Nairobi afanyeje

Ikiwa swali linahusu chanzo cha upepo wa Jua, mipaka ya matundu ya korona, au sura ya korona nzima kwa miaka mingi, chagua modeli ya potenshali na utumie muda uliookolewa kujaribu ramani tofauti na vimo tofauti vya tufe. Kazi kama hiyo yaweza kukamilika vizuri ndani ya miaka miwili, na hata stima ikikatika usiku hakuna hesabu ndefu inayopotea.

Ikiwa swali linahusu nishati ya mlipuko au msokoto wa eneo moja la madoa, hakuna njia ya mkato: chagua modeli ya alfa inayotofautiana, na uanze kwa kujifunza data. Hifadhi ya Chuo Kikuu cha Stanford hutoa vipande vya vekta vilivyokwisha kukatwa na kunyooshwa kwa kila eneo la madoa, pamoja na makadirio ya makosa, hivyo si lazima kupakua picha za Jua zima. Hilo ni jambo kubwa kwa anayelipia bando.

Ikiwa swali linahusu joto, msongamano au safari ya wingu la plazma kutoka kwenye Jua, modeli ya potenshali na ile ya uga usiosukuma hazitoshi. Simshauri mwanafunzi wa uzamili ajenge au asimike programu ya magnetohaidrodinamiki peke yake. Mwaka wa kwanza wote utaishia kwenye makosa ya usakinishaji. Kituo cha CCMC kilichoko Goddard, kwenye taasisi ya NASA nchini Marekani, huendesha programu hizi kwa niaba ya watafiti wa nchi yoyote bila malipo: unajaza ombi mtandaoni, unachagua modeli na kipindi, kisha unapewa matokeo. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anaweza kulinganisha magnetohaidrodinamiki na potenshali kwa kipindi kilekile, naye akatumia akili yake kwenye tafsiri badala ya kuitumia kwenye usimikaji.

Kwa yule atakayechagua njia ya pili, uchaguzi wa eneo la madoa una uzito sawa na uchaguzi wa modeli. Tafuta eneo lililo ndani ya nyuzi 30 hivi kutoka katikati ya Jua, kwa sababu kuelekea ukingoni vekta huharibika. Liwe limejitenga na maeneo mengine, ili mikondo isiwe inapita kando ya kisanduku chako. Jumla ya sumaku chanya na hasi kwenye ramani yake ikaribie kulingana. Picha za ångström 171 zionyeshe matao yaliyo wazi kwa jicho, maana hayo ndiyo utakayoyatumia kuihoji modeli: chora mistari yake juu ya matao, pima pembe ya tofauti, na uiandike hata kama inatia aibu. Vekta za HMI zimekusanywa tangu Mei 2010, zikifunika karibu mzunguko wote wa 24 na kupanda kwa mzunguko wa 25, na ndani yake mna mamia ya maeneo ya kuchagua. Eneo lako la kwanza likikosa sifa hizi, liache, hata kama mlipuko wake ulivuma sana katika habari.